Mtambo wa Taulo za Kike Uungweje?

Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, Serikali ikieleza kuwa bei madukani haikushuka. Katika mjadala ule kodi ilitajwa sana, na wafanyabiashara pia. Kwa taulo zinazotengenezwa viwandani mwetu, ipo gharama nyingine ambayo mnunuzi haioni: saa ambazo mtambo umezimwa ili kubadilisha saizi.

Chukua mtambo unaotoa taulo 400 kwa dakika. Ukisimama saa 3 ili kutoka taulo za mchana kwenda za usiku, umekosa taulo 72,000, yaani pakiti 9,000 za taulo nane nane. Na soko letu ni dogo. Haliwezi kumeza saizi moja mwezi mzima. Lazima ubadilishe, tena mara kwa mara.

Kwa asiyewahi kuuona, mtambo huu ni mrefu kama mabasi mawili yaliyofuatana. Mwanzoni, karatasi nene ya nyuzi za mbao husagwa na kinu cha nyundo hadi iwe laini kama pamba. Nyuzi hizo hufyonzwa kwa hewa hadi kwenye ngoma yenye vishimo vya umbo la taulo, pamoja na chembe za polima zinazogeuka jeli zikilowa. Kisha huja kitambaa kisichofumwa juu, plastiki nyembamba chini, gundi ya moto katikati, rola yenye visu, mkunjo na pakiti.

Zamani mota moja kubwa ilizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya mtambo mzima, na kila kituo kilichota nguvu hapo kwa gia. Kubadilisha urefu wa taulo kulimaanisha kufungua gia hizo. Siku hizi kila rola inaweza kuwa na mota yake ya sevo, na kompyuta ndiyo inayozipa mota zote mwendo mmoja. Hapo ndipo ilipowezekana kuukata mtambo vipandevipande: kila kituo kina fremu yake, mota zake na kabati lake la umeme, na kimeungwa na jirani yake kwa pini za kunyooshea, plagi ya umeme, waya wa mawasiliano na bomba la hewa ya kompresa. Unachomoa, unavuta, unaingiza kingine.

Lakini sevo pekee haitoshi kama hesabu ya vipimo haikufanywa mapema. Rola ya visu yenye mzingo wa milimita 960 inabeba taulo 4 za milimita 240, au 3 za milimita 320. Mzingo ule ule, saizi mbili. Ukiamua saizi zako baada ya kununua rola, umechelewa.

Katika kiwanda kimoja nilimkuta fundi kijana amepiga magoti mbele ya rola ya visu. Bolti zake zilikuwa za saizi tatu, spana moja haikuonekana, na winchi ya mnyororo ilikuwa imeazimwa stoo. Muda mwingi ulipotea katika kutafuta, si katika kufungua. Tulifanya bolti zote kuwa za saizi moja, tukatengeneza kigari chenye reli za kimo cha mtambo, na rola ya pili ikawa inasubiri juu yake, visu vimekwisha kupimwa. Kazi iliyokuwa ikila asubuhi nzima sasa huisha kabla ya chai ya saa nne. Mjapani Shigeo Shingo alifuata njia hiyo hiyo pale Toyota mwaka 1969: muda wa kubadilisha kalibu za mashine ya kukandamiza ya tani 1,000 ulishuka kutoka saa 4 hadi dakika 90, halafu dakika 3.

Siungi mkono kukata kila kitu vipande. Kila kiungo ni mahali ambapo kitambaa kinaweza kulegea au kwenda upande, na taulo ikatoka imepinda. Kinu na ngoma viache palepale: ni vizito, vina mabomba makubwa ya hewa, na vumbi lao linashika moto. Acha badala yake nafasi tupu ya mita mbili kabla ya rola ya visu, zege imemwagwa, umeme na hewa vimefika, kitambaa kikipita juu ya rola za kawaida. Siku wateja wakitaka taulo zenye mabawa, kituo kipya kitaingia hapo bila kubomoa sakafu.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kuagiza mtambo Quanzhou kule China au Italia, usianze kuuliza unatoa taulo ngapi kwa dakika. Uliza ni dakika ngapi kutoka taulo nzuri ya mwisho ya saizi hii hadi taulo nzuri ya kwanza ya saizi nyingine. Waambie wakufanyie mbele ya macho yako, kwa malighafi yako, kabla hujalipa awamu ya mwisho.