Barabara ya Ufipa: Mbio ndefu zisizo na kombe

MWAKA 1953 madereva walianza kushindana katika barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mbio hizo ndizo zilizokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally.

Hazikuwa na uwanja maalumu wa kuzunguka. Uwanja wake ulikuwa barabara zile zile zinazopitwa na mabasi, malori na ng'ombe, tena kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimekolea. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404.

Wakati mashabiki wakiwashangilia madereva hao kwa siku chache za tope, madereva wa malori ya mahindi katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, walikuwa wakipambana na tope hilo msimu mzima bila kombe. Tofauti ni kwamba huku gharama ya kuchelewa haikuishia kwa dereva. Ilimfikia mkulima.

Kati ya maziwa mawili

Ufipa ni nchi iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati maziwa yote mawili yako kwenye mita zipatazo 800. Kushuka kwenda bonde la Rukwa kunapitia mteremko mkali wa Lyambalyamfipa, unaojulikana vyema kwa madereva wanaofuata mpunga.

Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo inayostawisha mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Ndiyo pia iliyokuwa ikifunga barabara.

Enzi za Wajerumani, makao ya utawala wa eneo hilo yalikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakati huo ikiitwa Bismarckburg. Baadaye reli nazo ziliiruka Sumbawanga. Ya kutoka Tabora iliishia Mpanda, na ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970, ikapita Tunduma. Pande zote mbili, mkulima alibaki na zaidi ya kilomita 200 za vumbi au tope.

Bei moja nchi nzima

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) likawa mnunuzi mkuu. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Gharama ya usafiri ilibebwa na Serikali, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa chakula.

Mfumo huo ulilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, na biashara ya nafaka ikaachiwa watu binafsi. Tangu hapo hesabu ilibadilika. Mfanyabiashara huangalia bei ya sokoni mjini, hutoa nauli ya lori, mafuta, hatari ya kukwama na faida yake. Kinachobaki ndicho anachompa mkulima. Kila shimo la barabarani likawa linakatwa kwenye bei ya gunia.

Lami yafika

Februari 2008, Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia (MCC). Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zipatazo 223, ilikuwamo. Iligawanywa sehemu tatu: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela na Laela–Sumbawanga. Serikali nayo ilianza kujenga kwa fedha zake barabara za kwenda bandari ya Kasanga na Mpanda.

Kwa lami, safari iliyokuwa ikila kutwa nzima, na zaidi wakati wa mvua, sasa ni ya saa chache. Lakini lami imeleta mbio za aina nyingine. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari makubwa. Anayefukuza muda katikati ya vijiji ambako watu huanika mahindi kandokando ya barabara anahatarisha maisha yao na mzigo wake.

Faida ni ya nani?

Barabara nzuri humleta mnunuzi hadi mlangoni, lakini haimlazimishi kulipa bei nzuri. Mwenye haraka ya kuuza wakati wa mavuno, kwa sababu ya ada za shule au deni la mbolea, bado huuza kwa bei ya chini.

Hasara nyingine ni lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Chukulia mkulima anayeuza magunia 10 yenye kilo 130 kila moja kwa bei ya gunia la kawaida. Ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu. Hakuna nafuu ya nauli inayoweza kufidia pengo hilo.

Kwa hiyo mkulima afanye mambo matatu kabla lori halijafika. Kwanza, aulize bei ya Sumbawanga, Tunduma na Mbeya kwa simu, atoe nauli, ajue kinachopaswa kubaki. Pili, auze kwa mizani, si kwa gunia. Tatu, akaushe na kuhifadhi vizuri ili asilazimike kuuza yote kwa mkupuo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye maghala Sumbawanga, hukataa mahindi mabichi au machafu.

Wenye mashamba mbali na lami wajiunge na majirani kukusanya mzigo wa lori zima mahali pamoja. Nauli ya kilomita chache za barabara mbovu ya kijiji inaweza kula faida iliyoletwa na kilomita 200 za lami.