Chonga, Adui wa Minazi ya Uani

Wewe uliye na minazi karibu na nyumba yako, itazame makuti yake. Ukiona makuti yaliyokatwa kana kwamba yamepitiwa na mkasi, jua ya kuwa chonga ameingia. Mdudu huyu mweusi, mwenye pembe moja kichwani, huruka usiku, akatoboa kilele na kula makuti machanga yasiyokunjuka bado. Mnazi mkubwa huweza kustahimili. Bali mche, moyo wake ukitobolewa, hufa, na kazi ya miaka hupotea.

Chungua miche yako mara kwa mara. Ukiona tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, tia waya uliopindwa ncha kama ndoana, umvute chonga na kumwua. Kisha jaza mchanga mahali makuti yanaposhikana na shina, ili asipate njia.

Lakini kuwaua mmoja mmoja hakutoshi, maana chonga hazaliwi katika mnazi ulio hai. Hutaga mayai katika magogo na visiki vinavyooza, na katika malundo ya samadi. Humo funza wake weupe, wanene, hula na kukua. Basi mnazi uliokufa usiuache umesimama: uangushe, upasue, uchome moto. Samadi igeuze, na funza utakaowaona wape kuku.

Tena shauriana na jirani zako. Chonga hajui mpaka wa shamba. Gogo moja linalooza kwa mwenzako ni hasara ya minazi yako.