Kamba wa Mikoko na Maji ya Kilombero

Kwa nini sisi wa Ifakara tuzungumzie mikoko, ilhali bahari iko mbali? Ni kwa sababu zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Siku hizi hupitia Bwawa la Julius Nyerere, kisha hufika kwenye mikoko ya Delta ya Rufiji.

Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wake, wadogo kama punje ya mchele, huingia kwenye mikoko maji yanapojaa. Humo hujificha wasiliwe na samaki, na hula mabaki ya majani na vijidudu vya majini. Baada ya miezi michache hurudi baharini, wavuvi wakawapata. Malezi hayo huhitaji maji ya mto yachanganyike na ya chumvi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunajua ni vigumu kwa mkulima wa mpunga, maana huko ndiko kwenye rutuba. Hata hivyo tunaziomba kamati zianze na mashamba ya parokia, na wafadhili wachangie miche. Mvuvi wa Delta tusiyemwona naye ni jirani yetu.