Betri Moja Chakavu: Somo la Sakiti kutoka Mashimo ya Dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu wa Kahama, mkoani Shinyanga, na wa Nyarugusu, mkoani Geita, wachimbaji wadogo hushuka katika mashimo marefu wayaitayo maduara. Mita chache chini ya mdomo wa duara nuru ya jua hukoma, na mchimbaji hutegemea tochi aliyojifunga kichwani. Tochi ikizimika, haoni ngazi wala ufa katika mwamba. Kwake betri ni chombo cha usalama, kama ilivyo kamba.

Mwanga unapofifia, wapo wanunuao betri mpya mbili na kuiacha ya tatu iliyochakaa, ili kuokoa fedha. Je, akiba hiyo ni ya kweli?

Njia moja ya mkondo

Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alionyesha kwamba metali mbili tofauti, zikitenganishwa na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, hutoa mkondo wa umeme. Betri kavu hufuata kanuni hiyohiyo. Ndani yake zinki huliwa polepole na kemikali. Elektroni zinazoachwa huru hutoka ncha hasi, hupita katika waya na balbu, kisha huingia ncha chanya.

Betri mpya ya namna hii huwa na takribani volti 1.5. Tatu zikipangwa kwa mfuatano, volti hujumlishwa na kuwa 4.5. Lakini njia ni moja tu: mkondo uleule hauna budi kupita ndani ya kila betri. Nayo kila betri ina ukinzani wake wa ndani, ambao ni mdogo betri ikiwa mpya na huongezeka kadiri inavyochakaa.

Hesabu ya akiba

Chukulia balbu yenye ukinzani wa omu 15. Ukinzani wa ndani wa betri mpya ukiachwa kwa udogo wake, betri tatu mpya hutoa mkondo wa 4.5 ÷ 15, yaani ampea 0.3.

Sasa moja iwe chakavu, yenye volti 1.2 na ukinzani wa omu 6. Jumla ya volti ni 4.2 na ya ukinzani ni omu 21. Mkondo ni ampea 0.2. Nguvu ya balbu hushuka kutoka wati 1.35 hadi 0.6.

Betri mbili mpya peke yake zingetoa 3 ÷ 15, yaani ampea 0.2 vilevile! Betri chakavu haikuongeza chochote: volti zake zote 1.2 zilipotea ndani yake yenyewe. Ikizidi kuchakaa, huwa mzigo kwa wenzake, na huweza kuvuja na kuharibu tochi.

Tochi nyingi za leo hutumia diodi badala ya balbu, lakini kanuni ya mfuatano haibadiliki.

Jaribio la darasani

Mwalimu aipime betri chakavu kwa voltimita ikiwa peke yake, kisha aipime tena ikiwa ndani ya sakiti, balbu ikiwaka. Kipimo cha kwanza huweza kudanganya, kwani mkondo upitao ni mdogo mno. Cha pili hufichua udhaifu wake.

Kwa hiyo betri za tochi zibadilishwe zote pamoja, ziwe za aina moja, na mchimbaji ashuke na tochi ya akiba.