Picha za infraredi: Kabla hujanunua filta, chukua rimoti ya TV

Milima ya Kivu, mashariki mwa Congo, ni ya kijani. Lakini kwenye picha za Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, ni ya waridi iliyokolea, na wapiganaji wamesimama katikati ya majani yenye rangi ya peremende. Mosse alitumia filamu ya Kodak Aerochrome, iliyotumiwa na majeshi kufichua watu na zana zilizojificha vichakani. Kazi yake ilionyeshwa Venice mwaka 2013.

Filamu hiyo haitengenezwi tena. Anayetaka kunasa mwanga huo leo anatumia kamera ya dijitali, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Jicho la binadamu linaishia nanomita 700 hivi. Sensa ya kamera inaona mbele zaidi, hadi karibu 1000, ila kiwandani huwekewa kioo cha kuzuia infraredi ili rangi za kawaida zisiharibike. Kamera nyingine kioo chake kinapitisha kidogo, nyingine karibu hakipitishi kitu.

Kujua ni rahisi. Ingia chumba chenye giza, elekeza rimoti ya TV kwenye lenzi, bonyeza kitufe na upige picha. Taa ya rimoti iking'aa vizuri, kamera inafaa. Isipoonekana kabisa, hata filta ya bei mbaya haitasaidia.

Namba ya filta inaonyesha mwanga unaanza kupita wapi. Ya kuanzia ni 720: majani yanatoka meupe kama yamemwagiwa unga, anga ya buluu inakuwa nzito, na rangi kidogo inabaki ya kuchezea kwenye kompyuta. Filta ya 850 inatoa nyeusi na nyeupe tu.

Wengi huingia mkenge kwenye 590 na 665, kwa sababu picha zake za mtandaoni zina majani ya dhahabu. Filta hizo zinapitisha pia mwanga mwekundu wa kawaida. Kwa kamera ambayo bado ina kile kioo, wekundu huo unaimeza infraredi yote. Zinafaa kwa kamera iliyokwisha kubadilishwa tu.

Kwenye lenzi, adui ni doa jeupe katikati ya picha. Linatokana na mwanga kugongagonga ndani ya lenzi, maana rangi ya ndani na utando wa vioo vyake vilitengenezwa kwa mwanga wa kawaida. Bei si kipimo hapa; lenzi ghali inaweza kuwa na doa na ile ndogo iliyokuja na kamera ikawa safi kabisa. Kabla ya kulipa, piga picha ileile kwa f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Doa huzidi kadiri tundu linavyobanwa, kwa hiyo lenzi iliyo safi kwenye f/5.6 pekee bado haijafaulu.

Ukishapata lenzi mbili tatu, usinunue filta kwa kila moja. Nunua moja ya kipenyo kikubwa, mfano milimita 77, halafu tumia ringi za kuongezea kipenyo.

Kamera isiyobadilishwa itahitaji sekunde kadhaa kwa picha moja hata juani, kwa hiyo stendi ni lazima. Ukiwa na DSLR, fokasi kwanza, ndipo ufunge filta, kwani ukishaifunga huoni kitu kwenye kitundu cha kuchungulia.

Kubadilisha kamera, yaani kuondoa kile kioo, mwachie fundi anayeijua kazi hiyo. Kapasita ya flashi hubaki na umeme hata betri ikitolewa, na inapiga shoti kweli kweli. Na usilitazame jua kupitia filta hizi. Giza lake linadanganya: mboni inapanuka, huku infraredi ikipita moja kwa moja hadi ndani ya jicho.