NDOTO MBAYA SI USHAHIDI WA MOYO MBAYA

Ndugu msomaji, je, umewahi kuzinduka usiku wa manane, jasho likikutoka, huku ukiona haya mbele ya nafsi yako kwa jambo ulilolitenda ndotoni? Mtu mpole huota ameshika panga. Mke mwaminifu huota yu mikononi mwa mwanamume asiyemjua. Mweka hazina wa chama cha ushirika, ambaye hajapata kugusa hata senti ya wenzake, huota anaiba fedha za kahawa. Ndoto ya namna hiyo ikija mara moja, husahauliwa kabla ya chai ya asubuhi. Lakini ikirudi wiki hata wiki, mwenyewe huanza kujiuliza: "Huyu ndiye mimi hasa?"

Swali hilo ni zito popote. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, lina uzito wa pekee.

MACHO YALIYOONA

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Benaco, mahali palipokuwa hapajulikani na wengi, pakageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Mto Kagera ulichukua maiti za waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, lakini amani ya barabarani haikurudi upesi. Ilifika wakati magari ya abiria yaliyopita katika misitu ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa kuhofia majambazi.

Aliyekuwa kijana miaka ile sasa ni mzazi, pengine mfanyakazi wa Mwanza au Dar es Salaam. Si ajabu macho yake yakirudia usiku yale yaliyoyaona mchana. La kutisha zaidi ni pale ndoto inapogeuka, akajiona yeye ndiye mwenye panga. Mtu huyo hateswi na hofu peke yake, bali pia na hatia ya tendo asilolitenda.

UBONGO USIKU

Wataalamu Aserinsky na Kleitman wa Chicago walieleza mwaka 1953 kuwa kuna kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na kwamba aliyeamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Baadaye ilifahamika kuwa katika kipindi hicho sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na hisia huwa kazini sana, ilhali zile za kupima na kuamua hupunguza kazi. Yaani mzigo upo, lakini msimamizi amepumzika. Ndoto hukusanya vipande vya kumbukumbu na hofu, ikaviunganisha bila kuomba idhini ya dhamiri yako.

Tena, kulikimbia wazo hulikaribisha. Mwaka 2004 Daniel Wegner wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba watu walioagizwa wasimfikirie mtu fulani kabla ya kulala walimwota zaidi. Basi yule anayechukia wizi kwa moyo wote, akajikaza asiuwazie kamwe, anaweza kuuota kwa sababu hiyohiyo ya kuuchukia.

Wahenga wa dini hawakulinyamazia jambo hili. Mafundisho ya Kiislamu yanasema kuwa aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikiri kuwa ndoto zilimletea yale aliyokwisha kuyaacha, akatofautisha tendo la hiari na jambo linalompata mtu usingizini.

HATARI YA KUMTAFUTA MCHAWI

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kuangalia sana. Wako wanaopeleka ndoto kwa mpiga ramli, wakarudi na jina la jirani. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi wowote. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu mkosaji hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi. Ndoto haimtii hatiani aliyeiota, wala haiwezi kumtia hatiani bibi kizee wa jirani.

LA KUFANYA

Kwanza, usinyamaze. Mficha maradhi kilio humfichua. Mweleze mwenzi wako, shehe, padri, mchungaji au rafiki mwenye kifua. Nawe unayeelezwa, usicheke wala usihukumu.

Pili, ibadilishe ndoto ukiwa macho. Iandike au isimulie, kisha uipe mwisho mwingine uutakao: panga linatupwa mtoni, fedha zinarudishwa kasikini, mlango unafunguka. Uone mwisho huo mpya akilini kwa dakika kumi hadi ishirini kila siku, mchana. Mwaka 2001 Daktari Barry Krakow na wenzake huko New Mexico, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 168 waliosumbuliwa na jinamizi baada ya kudhulumiwa kingono. Waliofundishwa njia hii walipata nafuu kuliko wenzao waliokuwa bado wakisubiri. Ikiwa ndoto yako inarudia msiba mkubwa, anza na ndoto nyepesi, au uwe na mtaalamu kando yako.

Tatu, chunguza mwenendo wa jioni. Pombe huvuruga usingizi, na ndoto huja kwa nguvu alfajiri inapokwisha mwilini. Baadhi ya dawa, kama vile meflokwini ya malaria na propranololi ya moyo, huweza kuleta ndoto kali. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mwulize daktari.

Nne, nenda hospitali ikiwa unaogopa kulala, ikiwa unapiga au kurusha mateke usingizini, ikiwa unatamani kujidhuru, au ikiwa tamaa ya ndotoni inakufuata mchana. Aliyeko Ngara aanze Murgwanza au Rulenge, wa Biharamulo aende hospitali ya wilaya yake. Matatizo ya nafsi hutibiwa kama malaria inavyotibiwa, wala si aibu.

Kuchukizwa kwako na ndoto hiyo ndiko kunakoonyesha msimamo wako. Asiye na dhamiri angeamka akanywa uji, asijali. Mtu hupimwa kwa anayoyatenda akiwa macho: namna anavyolinda fedha za wenzake, anavyomtunza mkewe au mumewe, na anavyomsalimu jirani yake asubuhi.