Je, Wajua? Palmyra, mji wa jangwani uliotajirishwa na ngamia

Kiasi cha kilomita 215 kaskazini-mashariki ya Damascus, katikati ya jangwa la Syria, yapo magofu ya Palmyra. Wenyeji wanauita Tadmur. Mji huu haukuwa na dhahabu wala bandari. Ulikuwa na chemchemi, mitende, na watu walioijua njia ya misafara ya ngamia.

Je, wajua kwamba viwango vya ushuru vilichongwa kwenye jiwe? Wafanyabiashara na watoza ushuru waligombana mno, hata mwaka 137 baraza la mji likaamuru kila kiwango kiandikwe hadharani, kwa Kigiriki na kwa Kiaramu cha Palmyra. Shehena ya ngamia mmoja ya mafuta ya manukato ililipiwa dinari 25 ikiwa ndani ya vyombo vya alabasta, na dinari 13 ikiwa ndani ya viriba vya ngozi ya mbuzi.

Je, wajua kwamba viongozi wa misafara walisimamishiwa sanamu? Nguzo nyingi za barabara kuu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, zina kibao cha jiwe kilichochomoza ubavuni. Juu yake ilikaa sanamu ya mtu mashuhuri, kama kiongozi wa msafara, na chini yake maandishi ya kumshukuru.

Je, wajua kwamba watu hawa wa jangwani walikuwa pia na vyombo baharini? Maandishi ya mwaka 157 yanataja merikebu iliyorudi kutoka upande wa India. Katika pango moja la Sokotra, kisiwa kilicho karibu na Pembe ya Afrika, kilipatikana kibao cha mbao kilichoandikwa na mtu wa Palmyra mwaka 258.

Je, wajua kwamba mmoja wao alifika hadi Uingereza? Huko South Shields, Barates wa Palmyra alimwekea mkewe Regina jiwe la kaburi. Maelezo marefu ni ya Kilatini. Maombolezo ya mume yapo chini, kwa maandishi ya kwao.

Je, wajua kwamba mwanamke wa Palmyra aliitikisa Roma? Mumewe, mtawala wa mji huo, alipouawa takriban mwaka 267, Zenobia alishika hatamu kwa niaba ya mwanawe mdogo. Mwaka 270 majeshi yake yaliingia Misri. Kaizari Aurelian alimshinda mwaka 272, na mji ulipoasi tena mwaka uliofuata, ukaporwa.

Je, wajua kwamba magofu haya yamegharimu uhai wa mtu? Khaled al-Asaad, aliyesimamia mambo ya kale ya Palmyra kwa miaka 40, aliuawa na wapiganaji wa kundi la Islamic State (IS) Agosti 2015. Mwezi huohuo walilipua hekalu la Bel, lililowekwa wakfu mwaka 32, na Oktoba wakaangusha tao kuu la barabarani.

Anayetamani kwenda Tadmur aulizie kwanza hali ya usalama, maana vita viliacha mabomu ardhini. Kwa walioko Ulaya, sehemu ya Palmyra iko karibu: jiwe la ushuru lipo makumbusho ya Hermitage, St Petersburg, na sanamu za makaburini zinaonekana Louvre, British Museum, na Ny Carlsberg Glyptotek mjini Copenhagen.